Kariakoo Inavyoishinda Dunia kwa Joto

Jumatatu, 6 Februari 1939
Sikulala. Joto. Halafu Hashil! Huyu muuza mabati wa Mchafukoge jana kapita kwa Mzee Mwinyimvua, anayejenga nyumba mpya hapa Kariakoo, akamsifia paa la bati mpaka mzee akaanza kuyatazama makuti ninayouza mimi kama takataka. Makuti yangu, yaliyosukwa yakasukika! Na mzee ndiye baba yake Siwema, ninayetaka kumposa. Atakayeezeka nyumba ndiye atakayeingia na kutoka pale kutwa. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Lazima nifanye jambo.

Jumanne, 7 Februari
Jambo limepatikana! Tarsis, karani wa vipimo vya hali ya hewa, alikuwa akinywa kahawa sokoni, akasimulia alichosoma gazetini. Mtu mmoja Uingereza kakusanya vipimo vya joto vya nchi nyingi, akakuta dunia imeongezeka joto kama nusu digrii kwa miaka hamsini. Nusu tu! Nikauliza, na Kariakoo je? Akasema hakuna aliyelinganisha. Basi nitalinganisha mimi. Nikionyesha kwamba Kariakoo inaipita dunia, na kwamba mkosaji ni bati, Hashil kwisha.

Jumatano, 8 Februari
Nimeazima kipimajoto kwa Ubeid wa duka la dawa. Adhuhuri nikaingia ghala la Hashil, chini ya bati tupu, nikajifanya nachagua misumari, kumbe kipimajoto nimekibana nguzoni. Tisini na saba! Hashil akauliza mbona nimekumbatia nguzo. Nikasema kizunguzungu. Akaniletea maji. Nimeyanywa kwa chuki.

Kisha mbio kwa Tarsis. Akanisomea joto la Februari enzi za Mjerumani: ishirini na nane. Alikuwa bado anaeleza sijui nini kuhusu Wajerumani, lakini mimi huyo, nimeshaondoka. Toa ishirini na nane katika tisini na saba. Sitini na tisa! Dunia nzima nusu digrii, Kariakoo sitini na tisa, na miaka hamsini haijatimia!

Ijumaa, 10 Februari
Baada ya sala, barazani kwa mzee. Nimesema kila kitu, nimesimama muda wote. Siwema akatokeza mlangoni.

“Kaka Ghanim, kama joto limepanda kiasi hicho, babu zetu walikuwa wakivaa nini? Mablanketi?”

Wakacheka, wapuuzi. Nikamwambia elimu hii ni nzito. Ila mzee hakucheka. Akauliza, mwendo ukiwa huohuo, mbele itakuwaje? Nikasema maji yatachemkia kisimani. Akashika kichwa. Akanishukuru mara mbili. Ushindi! Nimezunguka soko lote kwa furaha, sikununua kitu.

Jumamosi, 11 Februari
Msiba! Asubuhi mzee kaenda kwa Hashil kuagiza mabati ya nyumba nzima. Hoja yake: kwa joto kama hilo, makuti yatashika moto yenyewe. Akanishika mkono mbele ya watu. “Umetuokoa, mwanangu.” Majirani wengine walioniagiza makuti nao wameghairi, hawataki kuungua. Hashil kaniletea halua ya shukrani. Nimeila yote.

Jumapili, 12 Februari
Tarsis kacheka mpaka kavua miwani. Kumbe Mjerumani alipima kwa Selsiasi, Mwingereza anapima kwa Farenhaiti! Ishirini na nane ya yule ni themanini na mbili ya huyu. Sitini na tisa yangu imebaki kumi na tano. Hata hiyo akasema si kitu, maana wao walipima kivulini mchana na usiku, mimi adhuhuri chini ya bati. Ukitaka kulinganisha mji na dunia, alisema, tumia kipimo kimoja, mahali palepale, saa zilezile, miaka mingi. Ndipo utajua kama tumeipita, na pengine tofauti ni kipande tu cha digrii.

Miaka mingi! Mtu nina haraka.

Nikakimbilia kwa mzee kufuta maneno. Mafundi walishapanda juu, nyundo zinalia, hanisikii. Siwema alinisikia. Akasema, taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa:

“Ungesema tu kwamba nyumba ya makuti ina ubaridi. Baba kalala humo maisha yake yote. Angekuelewa.”

Halafu akampelekea maji Hashil, aliyekuwa akiwasimamia mafundi. Hakuwa na haraka ya kurudi. Nimesimama pale juani mpaka nikaona watu wananitazama. Nimekwenda Feri, nimerudi, nimekwenda tena.

Jumatatu, 13 Februari
Sikulala. Lakini alfajiri likanijia: mvua! Watu wanataka bati kwa ajili ya mvua. Nikamgongea Tarsis kabla hajanywa chai. Mvua ya mwaka mmoja enzi za Mjerumani: elfu moja na mia moja. Mvua ya mwaka jana: arobaini na moja.

Arobaini na moja! Mvua imekwisha Dar es Salaam, na hakuna aliyetuambia! Tarsis kanifuata mpaka barabarani na kikoi chake, akipiga kelele, mara milimita, mara inchi. Sikugeuka. Nimeshamtumia mzee salamu aite watu barazani leo hii, na mafundi washuke na mabati yao.