Malalamiko ya Redio Iliyofungiwa Katika Mkebe wa Biskuti

Gatuanyaga, Thika
14 Septemba 1994
Mwezi wa nane tangu niondoke nyumbani Funyula

Kwa Bwana Mhandisi Kulwant,

Pokea salamu zangu huko ofisini Ruiru. Mimi ni Dismas, yule anayefyeka nyasi chini ya nyaya zako za kusikilizia nyota. Shule niliiachia darasa la sita, kwa hivyo nitasema wazi.

1. Ulikuja hapa ukatueleza kwamba nyota unayoitafuta hulia mara moja, mlio mfupi kuliko kupepesa jicho, na kelele yoyote ya stima huufunika. Nilikubali. Kisha ukachukua redio yangu ndogo, ukaifungia katika mkebe wa biskuti, ukasema hata redio inayosikiliza tu huvujisha kelele. Bwana Mhandisi, mimi pia kazi yangu ni kusikiliza tu nikiambiwa. Mbona mimi hujanifungia?

2. Redio hiyo si ya muziki. Mke wangu Consolata ni mjamzito na siku zake zimefika. Barua zake hukaa posta Thika mpaka mtu apate safari, kwa hivyo tulikubaliana atume kadi kwenye kipindi cha salamu cha saa tisa. Akijifungua mvulana, salamu zitatoka kwa Consolata na Makokha. Akiwa msichana, kwa Consolata na Nabwire, jina la marehemu mama yangu. Sokoni kuna redio, lakini saa hiyo mimi niko kazini. Na mtangazaji husoma upesi kama mtu anayefukuzwa. Huo nao si mlio mfupi? Nyota yako ikikupita, ulisema huenda ikalia tena. Mtangazaji harudii.

3. Majirani wamechoka. Muasya, fundi wa mageti pale sokoni, umemzuia kuchomelea mchana. Kila nikipita ananiita shemeji wa nyota, ananiuliza kama huko juu hawahitaji geti. Shehzad, mwenye shamba la jirani, alizima ua wake wa stima kwa heshima yako. Ng'ombe wake walipata habari kabla yetu. Yale maharagwe tuliyopanda nyuma ya kibanda cha mashine yako, usiyaulize.

4. Kama ni kunyamaza, tunyamaze sote kwa haki. Zima viwanda vya Thika. Zima televisheni za Makongeni. Nenda Kamenu ukusanye pasi za stima nyumba kwa nyumba, na mikebe ya kutosha usisahau. Radi iandikiwe barua kupitia kwa padri. Ukishindwa na hayo, basi ziombe nyota zilie Jumapili, watu wakiwa kanisani.

5. Ombi langu ni redio irudishwe. Na usidhani ni maneno matupu: leo saa tisa nitaazima redio ya Muasya, nikae nayo katikati ya nyaya, niiwashe. Zacharia, msomaji wa mashine yako, atakuwa kibandani akiangalia ile kalamu inayochora kila mlio. Sitamwambia kitu. Kalamu isipotikisika, utajua redio haina hatia.

Nisalimie wote wa ofisini, na yule mama wa chai asiyenisahau nikija.

Mimi mfyekaji wako mtiifu,
Dismas Ojiambo

Nyongeza, saa kumi: Bwana Mhandisi, usiirudishe redio. Niliwasha kama nilivyosema. Salamu za tatu zilitoka kwa Consolata na Nabwire. Nikaizima. Papo hapo Zacharia akatoka kibandani mbio akipiga kelele kwamba nyota imelia, imelia na kunyamaza, ameibeba ile karatasi kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Nimeshindwa kumwambia. Tulikumbatiana tukarukaruka, kila mtu na habari yake. Sasa amekimbilia sokoni kukupigia simu. Tafadhali mweleze polepole kwamba nyota yake inaitwa Nabwire. Naomba ruhusa niende nyumbani nikamwone binti yangu, naondoka kesho. Wiki ya kwanza ya Oktoba nitarudi kufyeka.