Fulana ya Kulala Ubavu

Mzee Dadi alisinzia katikati ya sentensi. Alikuwa akimweleza mteja ubora wa mchele wa Turiani, mara akanyamaza, kidevu kikaangukia kifuani, na mteja akabaki na kikapu mkononi asijue asubiri au aondoke.

Laurenti alikuwa pembeni ya duka, pale sokoni Morogoro, akijifanya kukagua maharage. Shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Kule Gairo alijiita mtaalamu wa mbegu, Turiani mtaalamu wa meno, na miji yote miwili bado inamtafuta. Hapa Morogoro alikuwa bado hajaamua. Mzee alipokoroma, akaamua.

"Shikamoo, mzee."

Dadi alishtuka, akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. "Marahaba. Kilo ngapi?"

"Sinunui, nakuhurumia tu. Unalala chali, eti?"

"Umejuaje?"

"Ndiyo kazi yangu. Ukilala chali ulimi unarudi nyuma, koo linaziba, pumzi inakata. Na pumzi ikikata, mzee, ndoto nzuri zote zinakupita."

Tumtendee haki: mpaka kwenye pumzi alisema kweli tupu, aliisoma kwenye simu akisubiri basi stendi ya Msamvu. Tatizo lake ni kwamba hakuwahi kuiacha kweli iende peke yake.

Alimpata mzee pabaya. Hospitali walishamwambia kuwa pumzi yake husimama akilala, wakamtaka arudi kwa ajili ya mashine ya kupumulia. Maelezo mengine yote yalimkuta amesinzia. Alichobaki nacho ni neno mashine, na hofu. Mkewe, Bi Chausiku, alikuwa ametangaza kwamba asipotibiwa mpaka Ramadhani, yeye anarudi kwao Kinole, mlimani. "Sikuolewa nije nihesabu pumzi za mtu, nikingoja ipi ni ya mwisho," alisema, na hakuwa akitania.

Laurenti akatoa fulana iliyoshonewa mpira wa tenisi mgongoni. "Ukigeuka chali, mpira unakufinya, unarudi ubavu. Na ubavu wa kulia, mzee, ndoto zinakuja zimenyooka. Kuna mtu Gairo kaoteshwa alipofukia Mjerumani rupia zake."

Macho ya Dadi yakafunguka yote mawili. Fulana ikaenda kwa magunia mawili ya mchele, na mtaalamu akaahidi kurudi baada ya mwezi kuzitafsiri ndoto, kwa ada yake.

Jambo ambalo hakulitarajia ni kwamba fulana ingefanya kazi.

Dadi alilala. Wiki ya kwanza alimaliza sentensi zake. Ya pili akawafunga majirani wote kwenye bao. Ya tatu akili ikamrudia yote, naye akaona wazi kwamba ametoa magunia mawili kwa fulana na mpira. Akamweleza mkewe, kwa aibu.

Bi Chausiku alicheka mpaka akakaa chini. "Daktari alikwambia ulale ubavu, bure! Mimi nilisikia, wewe ulikuwa unakoroma mbele yake." Akampeleka tena hospitali siku ileile, na safari hii Dadi alisikiliza hadi mwisho, akarudi na mashine. Kisha Bi Chausiku akafikiri kidogo. "Huyo mtaalamu mwache aje."

Laurenti alipokuja, Dadi alimvuta nyuma ya magunia. "Nimeota. Kinole, shambani, kati ya migomba na mdalasini. Kasha la chuma." Akafunua kiganja: rupia ya Mjerumani, ya kweli, iliyochakaa. Hakusema kwamba imekaa kwenye fundo la kanga za kina Chausiku tangu enzi za bibi yake. "Mgongo wangu hauwezi jembe. Tugawane nusu kwa nusu?"

Hakuna anayeamini uongo haraka kama aliyeutunga, akiuona umeota miguu. Laurenti aliandika mkataba papo hapo, mzee akasaini.

Alichimba siku nne kule Kinole. Malengelenge yalipasuka, yakaota mengine. Siku ya tano Bi Chausiku alichungulia shimoni, mumewe nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kina kinatosha. Toka tujenge."

"Mjenge nini? Kasha bado!"

"Kasha la nini tena? Hiki choo. Wageni wakija huku tunapanga foleni."

Laurenti akapunga mkataba kwa mkono wa udongo. "Mzee kasaini! Nusu ya kila kitu shambani kwake!"

"Shambani kwangu?" Dadi alishangaa kwa dhati. "Kijana, umefika Uluguru, huku ardhi hufuata upande wa mama. Hii ni ya ukoo wa mama yake mke wangu. Mimi huku ni mkwe, sina hata mgomba."

"Na anayechimba ardhi ya ukoo bila kuniomba hutoa mbuzi," alisema Bi Chausiku. Akamtazama mumewe, aliyesimama macho makavu, anapumua. Sauti yake ikalegea. "Lakini mbuzi nakusamehe. Umenirudishia mtu wangu, japo hukukusudia." Akamtupia fulana. "Chukua na hii. Jana mchana ulipumzika chali chini ya migomba, tukadhani mashine ya kukoboa imepandishwa mlimani."

Laurenti aliteremka na fulana kwapani. Wanasema aliivaa. Wanasema pia alilala vizuri sana, ubavu wa kulia, akaota anachimba.