Sufuria Mbili za Lamduan

Jumatano, 12 Juni
Jumapili ni siku ya mia tangu mke wangu Lamduan afariki. Watawa watalishwa hekaluni, na watakachokula ndicho kitakachomfikia. Shemeji Somchit, mdogo wake, ametangaza kwamba atapika supu ya kuku ya tui. Supu ya Lamduan! Nikasema napika mimi. Akacheka hadi akashika ukuta. Ati, shemeji, wewe hata maji ukichemsha yanaungua. Sikurudi nyuma. Maisha yote alinipikia Lamduan. Sufuria hii moja itoke mkononi mwangu. Akakubali kwa sharti: nikiharibu, ibada ya mwaka anapika yeye, nami nisiguse hata mwiko.

Alhamisi, 13 Juni
Nimekuna nazi. Mbuzi yetu ya kukunia ina umbo la sungura. Lamduan alikuwa akiikalia upande, akiimba kwa pua. Mimi nimekuna nazi pamoja na kidole. Moto mkali, tui likakatika. Paka akanusa, akaondoka. Paka!

Ijumaa, 14 Juni
Nimempeleleza Somchit sokoni, nimejibanza nyuma ya mafungu ya mchaichai. Muuzaji akapaza sauti: Mjomba Thawin, unanunua au unajificha? Somchit akageuka. Akanionea huruma. Hilo ndilo lililouma. Ila nimeona: anachagua khulanjani, ile mizizi kama tangawizi, changa na laini.

Jumamosi, 15 Juni
Moto mdogo, khulanjani changa. Inalika! Lakini chakula cha watawa hakionjwi kabla yao. Ukionja, umemlisha marehemu makombo. Lamduan alipika kwa pua na jicho. Mimi bila kuonja ni kipofu. Mpango! Sufuria mbili. Moja naionja, ya pili naifanyia yaleyale. Dhambi iko wapi?

Jumapili, 16 Juni
Asubuhi nikabandika zote mbili. Ile ya kuonja: sosi ya samaki, ndimu, naonja. Sosi tena, naonja. Tamu! Nikainua chupa ya sosi nimimine kwenye ya pili. Honi mlangoni! Somchit. Nikafunika ya kuonja kwa beseni, nikabeba nyingine.

Njiani, ndani ya kibehewa cha ubavuni mwa pikipiki yake, supu mapajani, swali likanikaba. Chupa niliinua. Je, nilimimina? Kijiko ninacho mfukoni. Kuonja, marufuku. Jasho. Somchit akauliza mbona natetemeka. Nikasema barabara mbaya.

Mtawa mkuu akanywa kijiko. Akanywa kingine. Uso wake hausemi kitu. Nikamimina maji ya baraka, nikamtaja Lamduan ili zimfikie.

Ndipo tukala sisi. Somchit akaonja. Akaniuliza polepole: shemeji, hii ni supu, au kuku ameoga tui akaenda zake? Dada sasa hivi anazunguka huko, anawaomba majirani chumvi! Akacheka. Kisha akalia, nami nikalia. Bakuli akalimaliza lote. Akapangusa mdomo, akasema hata hivyo, ya mwaka anapika yeye.

Jioni nimefunua beseni. Nikapakua mabakuli mawili, kwa mazoea. Tamu kabisa! Kwa hiyo mpango haukuwa na kasoro. Sufuria ndizo zilikuwa chache.

Ibada ya mwaka Somchit anadhani atapika yeye. Kesho nanunua ya tatu.