Likizo Nje ya Geti

Jumamosi, 8 Juni

Tumefika Florida. Joto la kuoka mkate. Hoteli inaitwa Marigold, imejengwa katikati ya bustani za michezo na bembea za kulipia, ina mabwawa matatu ya kuogelea na bata wasio na adabu. Tuko watano: binti yangu Corinne, mumewe Brent, mjukuu wangu Maisie wa miaka saba, mimi, na Lyle. Lyle ni baba yake Brent. Mwalimu mstaafu wa michezo. Ana miaka sabini na hana kitambi. Namchukia kimyakimya.

Niandike jambo lenyewe kabla usingizi haujanichukua. Mwezi ujao Corinne na Brent wanahamia Alaska. Nyumba yao mpya ina chumba kimoja cha ziada, chini, karibu na jiko. Nilimsikia Corinne kwa masikio yangu akimwambia Brent kwamba mzee mmoja atakwenda kukaa nao. Mmoja! Mimi ni mgane, Joyce wangu amefariki miaka miwili sasa, na kule kwangu Dayton naweza kumaliza siku nne sijasema neno ila kwa mtangazaji wa hali ya hewa. Lyle naye ni mgane. Kwa hiyo hii si likizo. Huu ni usaili.

Tatizo ni bustani. Siwezi kuingia. Mwaka jana nilikuja na wazee wenzangu wa kanisani, foleni zikawa ndefu, nikakodi kiti cha magurudumu kwa sababu wagonjwa hupitishwa njia yao. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mvua ilipoanza kunyesha. Nikainuka nikakimbia. Walinzi walisema nilikimbia vizuri mno kwa mtu aliyejaza fomu kwamba hawezi kupanda ngazi. Nimepigwa marufuku maisha! Alama za vidole vyangu zimo kwenye mashine ya getini. Nikigusa tu, taa nyekundu. Familia haijui. Lyle akijua, chumba kimekwenda.

Mpango: kuwaaminisha wote kwamba raha ya kweli iko hapa hapa hotelini. Akili ni nywele, na mimi bado ninazo chache.

Jumapili, 9 Juni

Nimehutubia mezani asubuhi, juu ya mayai. Nimeuza magodoro miaka arobaini, najua kumlaza mtu. Nikasema bustani ni foleni, jua na watoto wa watu wanaotapika. Hapa kuna bwawa, kuna bomba la kuteleza, kuna mashua za bure, kuna bata, na jioni fataki zinaonekana kutoka ufukweni bila kusukumana. Corinne akasema sawa, Baba, tukae hotelini. Mara moja! Nilikuwa bado na hoja tatu. Nikazitoa hivyo hivyo, zisiharibike.

Lyle akanuna. Akasema hajapata kuona mtu anayekwenda harusini akaishia kuegesha magari. Brent akacheka. Sikucheka.

Kisha Lyle akaleta mfuko. Fulana za familia, za njano, kila mtu na jina lake mgongoni, ili tusipotezane. Watu wengi hapa wanavaa hivyo, nilijua siwezi kuikwepa. Yake: BABU WA KWANZA. Yangu: BABU WA PILI. Nikauliza nani kahesabu. Akaapa kwamba namba ni za mchapaji tu. Na ya kwangu ni ndogo. Maisie alipiga makofi kwa furaha, nikaivaa. Kitovu nje.

Mchana tukaenda bwawani. Viti vya kulalia mia moja na zaidi, vyote vimetandikwa taulo, wenyewe hawapo! Watu wanaamka alfajiri, wanatandika taulo, wanarudi kulala. Tukakaa sakafuni kama wakimbizi. Lyle, sijui lini, alikuwa ametandika viwili. Akampa Corinne kimoja. Corinne akasema ahsante baba. Baba!

Kesho naamka mapema.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeamka saa kumi na moja na nusu, nikasubiri geti la bwawa lifunguliwe saa moja. Nimetandika taulo tano kando ya bomba la kuteleza, kivuli safi, na juu ya moja nikaweka viatu vyangu kama muhuri. Nikarudi kulala kwa fahari. Kuamka saa tatu, hakuna taulo, hakuna viatu. Kumbe taulo zikikaa saa nzima bila mtu, wafanyakazi huzizoa. Lyle alijua. Alikuwa amekaa juu ya zake tangu geti lifunguliwe, anasoma gazeti. Viatu havijapatikana. Corinne amenipa kandambili zake za waridi.

Kufidia aibu nikatangaza matembezi ya mashua: tuzunguke ziwa, tuone hoteli nyingine, tule aiskrimu. Nikapanda wa kwanza na kusema nawajua mabaharia wa hapa. Maisie alikaa nami mbele. Dakika kumi, muziki. Dakika kumi na tano, bendera. Lo! Mashua imetushusha mbele ya geti la bustani kubwa. Mashine zote zimepangwa mstari, taa za kijani zinawaka, na mlinzi mmoja ananitazama, au nilidhani ananitazama. Nikavuta kofia mpaka puani na kujificha nyuma ya mama mmoja mnene. Nikamkanyaga. Akapiga kelele. Mlinzi akaanza kuja.

Nikasema nina kizunguzungu, turudi. Lyle akasema mbona tumefika, tukate tiketi tuingie. Corinne akanitazama, muda mrefu. Akaniuliza taratibu kama kuna jambo lolote kuhusu bustani ambalo ningependa kumwambia. Nikasema ndiyo, jua lake ni kali. Akamshika Maisie mkono, tukarudi kwenye mashua. Nadhani amevutiwa na ninavyojali afya.

Saa tisa kamili radi, kama kawaida ya huku. Wote tukafukuzwa bwawani.

Jumanne, 11 Juni

Fataki. Nilichunguza ufukwe mchana kutwa, nikapata mahali pasipo na mtu hata mmoja. Nikajiuliza kwa nini watu ni wajinga hivi. Jioni nikawapanga wote na mablanketi. Zilipoanza, tukagundua mbele yetu kuna banda la mashua lenye ghorofa mbili. Tuliona moshi. Tulisikia kila kitu. Mbu walikuwa na karamu.

Lyle akamchukua Maisie begani, akaenda naye upande wa pili wa banda. Nikabaki na blanketi. Joyce alikuwa hapendi fataki, alikuwa akiziba masikio na kuniegemea. Nimemkumbuka vibaya sana. Nilitaka kumwambia Corinne hivyo, alikuwa hapo karibu, amekaa peke yake. Badala yake nikamwambia banda halikuwepo mchana.

Jumatano, 12 Juni

Hatari! Lyle amesema kwenye kifungua kinywa kwamba siku zinaisha, na haiwezekani mtoto afike huku arudi bila kuiona bustani. Amesema leo hii atakwenda kukata tiketi mwenyewe. Corinne akanigeukia mimi na kuuliza naonaje.

Nikashika goti. Nikalia kidogo. Nikasema limeachia, labda ni zile kandambili, siwezi kutembea, lakini nyinyi nendeni, mniache tu mzee peke yangu chumbani na dari. Nilijua Corinne hataweza. Brent akaenda mapokezi akarudi na kiti cha magurudumu. Ni cha aina ile ile ya mwaka jana. Nikakaa. Nakiri kinakaa vizuri.

Maisie akasema yeye ndiye dereva. Akanisukuma kutwa nzima! Tulipita kwenye korido zote, tulipanda lifti mara kumi na moja, tuliwapa bata majina ya walimu wake. Tulicheza bingo kando ya bwawa na kushinda miwani ya plastiki. Tukachoma peremende laini motoni, yake ikaungua, nikala mimi. Lyle alipita mara mbili, anatafuta mtu wa kurusha naye mpira.

Karibu na chemchemi Maisie akaacha kusukuma. Akaniambia siri: hataki kwenda Alaska. Hana rafiki hata mmoja kule, na amesikia wakati wa baridi jua halitoki vizuri. Akauliza nani atakaa naye mama na baba wakiwa kazini. Nikamwambia mimi. Nitakuwa chumba cha chini, karibu na jiko, na taa nitaiacha inawaka. Akasema, “Kweli, Babu?” Nikasema kweli kabisa. Akanikumbatia shingoni, kwa nyuma, na mikono yake inanata sukari.

Sijawahi kuwa na siku nzuri hivi tangu mazishi. Wala hatukuwa tumeingia popote.

Alhamisi, 13 Juni

Sijui nianzie wapi.

Alfajiri sikupata usingizi. Nikajiendesha mwenyewe hadi bwawani kwa kiti, nimevaa fulana ya njano kumfurahisha Maisie, taulo tano mapajani. Siku ya mwisho, nataka viti vya kivulini. Geti la bwawa likafunguliwa saa moja. Na nani anaingia kwa mlango wa pili? Lyle! BABU WA KWANZA, taulo tano begani, mwendo ule wa haraka wa mtu anayejua kukimbia kumekatazwa. Anaelekea viti vile vile. Magurudumu yangu yakanasa kwenye mfereji wa maji.

Nikainuka. Nikakimbia.

Nilimshinda! Niliweka taulo la kwanza, la pili, la tatu, nikapiga kelele ya ushindi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. La nne lilikuwa limelowa, nikalikanyaga, nikaingia majini na kandambili za waridi. Aliyenivuta nje ni Lyle. Hakucheka. Aliniuliza kama nimeumia. Sitamsamehe kwa hilo.

Kisha nikatazama juu. Corinne alikuwa kwenye roshani, ghorofa ya tatu, na kikombe cha kahawa. Aliona yote.

Akashuka. Akanifunika taulo, akanikalisha kwenye kile kiti cha kivulini. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema anajua habari ya mwaka jana. Walinzi walimpigia simu siku ile ile, kwa sababu kwenye fomu niliandika namba yake. Akasema hakununua tiketi hata moja. Hakuwa na nia ya kununua. Alichagua likizo ya hotelini tu, akamwomba Brent anyamaze, ili nisiaibike mbele ya Lyle. Amenisubiri siku tano. “Baba, nilitaka useme tu. Basi. Neno moja tu.”

Yaani nimesukuma mlango uliokuwa wazi. Nikamwambia goti limepona, huenda ni maji ya bwawa. Akaanza kulia. Mimi pia nilitaka kulia lakini nilikuwa tayari nimelowa, hakuna ambaye angetambua.

Halafu, tukiwa tunasubiri gari la uwanja wa ndege, akanijia tena. Maisie amenishika mkono. Akasema chumba cha chini ni changu nikikitaka. Tangu mwanzo kilikuwa changu. Bila masharti, bila maigizo. Niseme tu ndiyo.

Nilitaka kusema ndiyo mara kumi. Lakini mtu hakubali bei ya kwanza. Ukikubali haraka wanajua huna pengine pa kwenda. Basi nikasafisha koo na kusema nashukuru, ila itabidi nitazame kalenda yangu, maana nina mialiko mingi. Corinne akaniuliza mialiko gani. Nikasema ya aina mbalimbali. Maisie akaniangalia.

Corinne akasema, sawa Baba, nijibu kufikia Ijumaa ijayo, maana lazima wapange. Nikamwambia nitaona. Nimecheza vizuri. Watabembeleza.

Jumapili, 23 Juni

Dayton. Mvua.

Ijumaa imepita. Hawakubembeleza. Nilikaa na simu mapajani siku nzima, hata chooni nilikwenda nayo. Nilisema moyoni, nikipiga mimi nitaonekana mwenye njaa.

Leo Corinne amepiga. Alisema alidhani kimya changu ndilo jibu, na hataki kunilazimisha. Wamempa Lyle. Alimuuliza jana, na akasema ndiyo kabla swali halijaisha. Mtu asiye na haya! Kisha akampa Maisie simu. Maisie akauliza kama ni kweli sitaki kukaa nao. Nikamwambia Babu ana shughuli nyingi mwaka huu. Akasema, “Sawa.” Sijapata kusikia “sawa” inayouma hivyo.

Nimekaa jikoni tangu saa nane. Nimelia, naandika kwa sababu hakuna asomaye humu. Sina shughuli yoyote. Kalenda yangu ina siku moja tu iliyozungushiwa duara, nayo ni ya daktari wa meno.

Lakini nimefikiri, na nimeona kosa liko wapi. Nimekuwa mwepesi mno kupatikana! Kila wakipiga, mimi huyu hapa. Watanithaminije? Dawa ni kutopokea simu wiki mbili. Hofu itawaingia, Corinne atajuta, Lyle atarudishwa kwake Indiana na filimbi yake, na mimi nitaletewa tiketi mpaka mlangoni.

Simu inalia sasa hivi. Namba ni ya Corinne, lakini saa hizi yeye huwa anapika, na simu hushikwa na mtoto. Ni Maisie.

Inalia bado.

Sipokei. Wiki mbili ni wiki mbili.