Kichwa Changu Ukutani kwa Kinyozi

Jumatatu, 4 Machi
Siku kubwa. Nilikuwa kazini nasikiliza redio ya mteja (ilishapona wiki iliyopita, lakini inanasa vizuri kuliko yangu). Taarifa ya habari ikasema mahakama imeamua: mfanyabiashara haruhusiwi kutumia picha ya mtu kuvutia wateja bila ridhaa yake. Nikaweka bisibisi chini. Picha yangu iko ukutani kwa kinyozi, mlango wa pili, mwaka wa tatu sasa! Alinipiga picha kwa simu yake nikiwa nimenyolewa vizuri. Mtaa mzima ukaanza kuniita Staa, nami nikaona raha. Kumbe naibiwa. Kichwa hiki ndicho kinachomlisha yule bwana, na bado nalipa kama mtu wa kawaida. Mke wangu kasema nitengeneze redio za watu. Wake wa watu wakubwa husema hivyo mwanzoni.

Jumanne, 5 Machi
Nimevaa koti. Nimemweleza kinyozi, mbele ya wateja wawili wenye povu mashavuni, kwamba aninyoe bure maisha yangu yote au tukutane mahakamani. Nikampa mpaka jioni afikirie, maana sipendi kukomoana. Hakufikiria hata kidogo. Kapanda kwenye kiti, kabandua picha, kanikabidhi, kaniomba radhi kwa adabu zote. Ushindi! Nimepita nayo mtaani kifuani. Sijui kwa nini chakula hakikushuka.

Alhamisi, 7 Machi
Pale palipokuwa na kichwa changu pana kichwa cha shemeji. Kaka wa mke wangu, dereva wa lori, shingo kama gogo. Katoa ridhaa mwenyewe, bila kudai kitu, na kinyozi kamnyoa bure. Mke wangu kashapita mara mbili kumtazama kaka yake. Picha yangu hakuwahi hata kusimama kuitazama. Watoto wa jirani sasa wanamwita shemeji Staa. Roho imeniuma, nisiseme uongo.

Ijumaa, 8 Machi
Mpango mpya. Nimempelekea kinyozi ridhaa yangu, bure, ya maandishi, na saini, mpaka nife. Kasema nafasi ipo, pembeni ya shemeji, ila anataka picha mpya, na kwanza nikae wiki mbili bila kunyoa wala kuchana nywele. Hakueleza kwa nini. Mafundi wakubwa hatuelezi. Nimekubali kabla hajamaliza kusema.

Jumatatu, 25 Machi
Nimerudi ukutani! Picha yangu ni kubwa kuliko ya shemeji, tena ndiyo ya kwanza. Chini yangu kinyozi kaandika KABLA. Chini ya shemeji, BAADA. Mke wangu kacheka mpaka kaegemea mlango. Kasema hata mahakama hainiokoi, nimesaini mwenyewe. Haelewi mpangilio. Leo mteja kaingia, kanyooshea picha yangu kidole, kamwambia kinyozi: mimi ndiye huyu, nifikishe kwa yule. Nimesikia kwa masikio yangu. Kila mtu anaanzia kwangu. Wapita njia wanachungulia, wanacheka, nami nawapungia mkono.

Mwenye redio alikuja tena. Nimemwambia bado naichunguza. Siwezi kuiachia sasa, naihitaji kwa kesi. Kesho naenda kwa shemeji na koti langu: anatumia sura yangu ili yeye aonekane mzuri, na yeye ridhaa sikumpa.