Kiapo Nilichokataa Kula Kortini

Leo nimejivua nguo mbele ya korti nzima, na nguo yangu ya kanisa ilikuwa mwilini. Nipeni kiti kwanza.

Mnajua ile kesi yangu ya Nyambura. Baba yake alimchukua akampeleka kwa nyanya yake, mama ya huyo baba, huko Ruiru, na mimi niko hapa Makongeni naomba kitu kimoja tu: nimwone mtoto wangu kila Jumapili. Kesi imesukumwa mbele mpaka nimezoea. Mara mzee wa korti ni mgonjwa. Mara baba Nyambura amenyimwa pasi ya kusafiri. Mara ya mwisho karani alikuwa ameenda na funguo ya kabati. (Funguo! Nililia mpaka askari wa mlangoni akanionea huruma.)

Leo wote wamekuja. Wazee watatu, karani, baba Nyambura, na Nyambura mwenyewe kwa benchi la nyuma, amekuwa mrefu, amefungwa kitambaa sikijui. Nikataka kumkimbilia. Askari akaniambia nikae.

Tukangoja mpaka jua likapinda. Nilikuwa na hofu, wenzangu. Nikikosea neno moja, mtoto ameenda. Nikawa najiambia, Wanjiru, jibu kifupi, usibishane na mtu.

Nikaitwa. Karani ni Mkamba, kwa hivyo tunaongea Kiswahili. Hata hakuniangalia.

"Mama, umekula kiapo?"

Kiapo! Nyinyi mnajua neno hilo miaka hii ya Hali ya Hatari. Ukisema ndiyo, wewe ni Mau Mau, unalala kizuizini. Na askari huyo hapo na bunduki yake. Nikajua tu, baba Nyambura amenichongea.

"Sijakula," nikasema. "Wala sijanusa."

"Basi kula sasa."

(Sasa? Mbele ya askari?) Nikaona huo ni mtego. Nikashika meza kwa mikono miwili, nikawaambia wazee mimi ni mtu wa kanisa, sijaingia nyumba ya mtu usiku, na hata wakinifunga, sili. Karani akajaribu kunieleza. Nikapandisha sauti. Akaninyooshea Biblia. Mimi, mtu wa kanisa, nikaisukuma.

"Haki ya Mungu, sijaapa maishani mwangu!"

Mzee wa katikati akavua miwani yake. "Mama," akasema polepole, "na hapo umefanya nini?"

Ndipo nikaelewa. Kilikuwa kiapo cha korti, kile cha kusema ukweli. Karani akalalia meza. Askari akageukia ukuta, mabega yanaruka. Baba Nyambura, huyo ambaye hajanichekea tangu tuachane, akapangusa machozi.

Halafu mzee akatazama dirisha. Watu wa Ruiru lazima wafike nyumbani kabla ya kafyu, akasema. Kesi mwezi ujao. Na safari hii sina wa kulaumu. Nikalia hapo hapo, sikuona haya tena, haya ilikuwa imeisha.

Nikitoka nikapita lile benchi la nyuma. Nyambura alikuwa ameshika tumbo kwa kucheka, na mbele ana pengo. Meno mawili yameng'oka, mimi sipo.

Nimeomba korti miezi hii yote nimwone mtoto wangu, na leo nimemwona, akinicheka. Kwa hivyo nyinyi fungeni midomo. Kicheko cha leo ni chake peke yake.