Kuvu wa Waceke na Nyanya za Kisilu

Jumanne, 1 Julai 2008. Mtaani Satellite.
Virginia wa nyama choma, Kenyatta Market, anakuja Jumamosi ya wiki ijayo kuchagua nyanya za kachumbari. Atachukua kwa mtu mmoja tu. Za jirani yangu Kisilu ni kama mashavu ya mtoto. Zangu ni kama gololi.

Jumatano, 2 Julai
Mjukuu wangu Waceke anasomea kuvu wa maji chuoni huko Westlands. Ameleta mmoja nyumbani kwa chupa. Nikauliza kama anaua nyanya. Akasema, "Huyu anakula majani yaliyokufa tu, guka. Muuaji ni binamu yake." Jeni zao karibu zifanane, akasema, tofauti ni zipi zinawashwa, na lini. Muuaji huwasha zake akigusa mmea ulio hai.
Niliishia darasa la sita, lakini swichi naijua.

Alhamisi, 3 Julai
Nimechota kikombe kimoja kwenye chupa ya Waceke. Nimemnyima majani kutwa. Njaa itamwasha.

Ijumaa, 4 Julai
Kisilu ameenda kliniki ya macho. Nimepenya ua. Ili kuvu asipate kisingizio, nimeokota kila jani lililokufa chini ya nyanya za Kisilu. Nikachuma na yale ya chini yenye madoa meusi. Saa tatu nimeinama! Kisha nikamwaga kikombe.
Takataka nimezitupa chini ya nyanya zangu. Mbolea ya bure.

Jumatano, 9 Julai
Za Kisilu zinang'aa. Zangu zina madoa meusi. Ajabu.

Jumamosi, 12 Julai
Virginia amechukua za Kisilu. Zangu ameuliza kama niliziokoa kwenye moto. Kisilu anasema malaika alimsafishia shamba. Mkewe, Mbithe, anasema malaika huyo alisahau kikombe.
Waceke amecheka mpaka akakaa chini. "Guka, muuaji alikuwa kwenye yale madoa. Umemhamishia kwako mwenyewe. Na wangu umemwaga pasipo na chakula."

Jumapili, 13 Julai
Nimewaza muda wote wa mahubiri. Kosa ni moja: njaa ya siku moja haitoshi. Nimechota kikombe kingine. Huyu atafunga mpaka Ijumaa.
Mbithe amenishika mkono mlangoni mwa kanisa. Eti Ijumaa mzee wake anarudi kliniki, majani yameanza kuanguka tena, na reki ataiacha karibu na ua.
Mwanamke mjinga sana huyu.